Dawa Mbili Katika Mwili Mmoja

Msomaji, ukifika Mombasa na kuifuata barabara ya Digo kandokando ya Mji wa Kale, utaliona soko ambalo kila mtu mjini hulijua kwa jina la Marikiti. Jina hili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya soko, na katika zama za utawala wa Waingereza soko hili liliitwa Mackinnon. Hapo hupangwa maembe, mapapai, ndizi na mafenesi, kila kitu kwa majira yake. Na karibu yake yako maduka ya viungo, ambayo harufu yake hukupokea kabla macho yako hayajayaona. Mdalasini, iliki, karafuu na bizari hukaa bega kwa bega na uwatu, habasoda na tangawizi. Watu wengine huvinunua vitu hivi kwa ajili ya chungu cha pilau, na wengine huvinunua kwa ajili ya dawa.

Simama hapo kitambo kidogo. Yamkini utamwona mzee aliyetoka hospitali asubuhi hiyo, naye ana vifuko viwili vya vidonge mfukoni mwake. Ukimwuliza ni vya nini, atakujibu kwamba kimoja ni cha presha na cha pili ni cha sukari. Atavitaja kana kwamba mwilini mwake mna nyumba mbili zilizotengwa kwa ukuta, na kila dawa hubisha mlango wake, ikaingia, ikafanya kazi yake, bila kuijua nyumba ya jirani. Kisha mzee huyo ataagiza uwatu kidogo, auchanganye na dawa zake nyumbani. Mzee huyu si mgeni kwako. Huenda ni babu yako, au bibi yako, au jirani ambaye hukutuma dukani.

Habari nitakayokusimulia ni historia ya ukuta huo. Wataalamu wenyewe waliuamini kwa miaka mingi. Walioshughulika na damu walikaa upande mmoja, na walioshughulika na sukari upande wa pili. Lakini kadiri walivyozidi kuchimba, ndivyo walivyoona kwamba dawa inayotolewa kwa ajili ya shinikizo la damu huweza kugusa kongosho, na hata homoni zinazotengenezwa katika utumbo. Mambo haya si ya kuwafaa madaktari peke yao. Ni juu ya kila mtu mwenye mgonjwa nyumbani kuyafahamu.

Kisukari si ugonjwa wa jana. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita madhumeha, maana yake mkojo wa asali, kwa sababu waliona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa. Mwaka 1674 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za utamu huohuo. Lakini kujua kwamba mkojo ni mtamu si kujua chanzo cha utamu wake. Chanzo hicho kilianza kuonekana mwaka 1889 katika mji wa Strasbourg, wakati Joseph von Mering na Oskar Minkowski walipomtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akashikwa na kisukari. Tangu siku hiyo watafiti wengi waliyaelekeza macho yao kwenye kongosho, nalo likahesabiwa kuwa mfalme wa sukari ya mwili.

Lakini kila mfalme ana wajumbe wake. Mwezi wa Januari, mwaka 1902, mtu na shemeji yake, William Bayliss na Ernest Starling, walikuwa wakifanya uchunguzi katika chuo cha University College, London. Wakati ule iliaminiwa kwamba kongosho huamrishwa kutoa maji yake ya kusaga chakula kwa njia ya mishipa ya fahamu. Wataalamu hawa walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakaikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande kimoja cha utumbo mwembamba, kisha wakatia tindikali ndani ya kipande hicho. Kama imani ile ingalikuwa kweli, kongosho lisingalijua lolote. Badala yake lilianza kutoa maji yake mara moja. Starling akakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, akaisaga pamoja na tindikali, akaichuja, na maji yaliyopatikana yakatiwa katika mshipa wa damu wa mbwa. Kongosho likafanya kazi tena.

Utumbo, basi, ulikuwa umepeleka salamu kwa kongosho, na salamu hizo zilisafiri kwa njia ya damu. Kitu kile walikiita sekretini. Mwaka 1905 Starling alitumia neno homoni kuwa jina la wajumbe wote wa namna hiyo, neno lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya kuamsha. Angalia jambo hili, msomaji: homoni ya kwanza kabisa kutambuliwa kwa jina hilo ilitoka katika utumbo, mahali ambapo watu wengi hudhani ni mfuko wa kupitishia chakula tu.

Swali lililofuata ni jepesi kuliuliza. Ikiwa utumbo huweza kuliamrisha kongosho litoe maji ya kusaga chakula, je, hauwezi kuliamrisha pia lishughulikie sukari? Mwaka 1906, mjini Liverpool, Benjamin Moore na wenzake waliwapa wagonjwa wa kisukari maji yaliyotengenezwa kwa ngozi ya utumbo. Matokeo hayakuwa ya kutegemewa, na jaribio likafifia. Kisha ikaja habari iliyozifunika habari nyingine zote. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuipata insulini kutoka katika kongosho, na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akadungwa dawa hiyo kwa mara ya kwanza. Watoto waliokuwa wakingoja kufa walianza kunenepa na kucheza. Nani angelikumbuka utumbo katika furaha kama hiyo? Mbelgiji mmoja, Jean La Barre, aliendelea na utafiti wake, na mwaka 1932 alitumia jina la inkretini kwa kitu cha utumbo kinachopunguza sukari ya damu. Lakini wengi hawakumsikiliza.

Ilibidi kwanza kipatikane kipimo. Kuelekea mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson, katika hospitali ya askari wa zamani huko Bronx, New York, walivumbua njia ya kupima kiasi kidogo mno cha insulini katika damu. Baada ya hapo, mwaka 1964, watafiti wa London na wengine wa Marekani, kila kundi kwa upande wake, walifanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule anaweza kulielewa. Waliwapa watu sukari kwa njia ya utumbo, na siku nyingine wakaitia sukari moja kwa moja katika mshipa wa damu. Sukari iliyopitia utumboni iliamsha insulini nyingi zaidi kuliko ile iliyopitia mshipani. Leo inajulikana kwamba kwa mtu mwenye afya, nusu ya insulini inayotoka baada ya kula, au zaidi ya nusu, hutokana na salamu za utumbo. Kwa mgonjwa wa kisukari cha ukubwani salamu hizo hupungua nguvu.

Miaka ya 1970 ilitambulisha mjumbe mmoja, aitwaye GIP. Mwaka 1983 Graeme Bell na wenzake waliusoma urithi wa chembe ambamo mjumbe wa pili alikuwa amefichika, naye ni GLP-1. Kufikia mwaka 1987 ilikuwa imethibitika kwamba GLP-1 huliamsha kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, na inaposhuka huliacha litulie. Hapana mjumbe mwenye adabu kuliko huyu. Lakini alikuwa na kasoro moja: maisha yake katika damu ni kama dakika 2 tu. Mwilini mna kimeng'enya kiitwacho DPP-4, ambacho humkata mara anapotokea.

Hapa, msomaji, nataka ushike mfano mmoja, maana utatufaa hadi mwisho wa habari hii. Karibu na Marikiti iko mitaa ya leso na nguo, na huko hukosi kumwona fundi cherehani ameketi na mkasi wake. Mkasi huo haukuumbwa kwa nguo moja. Asubuhi hukata leso, adhuhuri hukata kanzu, jioni hukata pazia. Ukimnyang'anya fundi mkasi kwa kuwa hutaki leso yako ikatwe, basi kanzu ya mtu mwingine nayo haitakatwa siku hiyo. Vimeng'enya vya mwili ni mikasi ya namna hii. Kila kimoja kina kazi ambayo kimepewa jina lake, na zaidi ya hiyo kina kazi nyingine za pembeni.

Ili kumwokoa GLP-1 na mkasi wa DPP-4, njia mbili zilipatikana. Ya kwanza ilitoka kwa mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, anayeishi katika jangwa la kusini-magharibi ya Marekani na Mexico. Mwaka 1992 daktari John Eng, katika hospitali ileile ya Bronx alikofanya kazi Yalow, alitangaza kwamba sumu ya mjusi huyo ina kitu kinachofanana na GLP-1, lakini ambacho mkasi haukikati kwa urahisi. Kutokana na kitu hicho ilipatikana dawa ya sindano iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Njia ya pili ilikuwa ni kuuzuia mkasi wenyewe kwa kidonge, na kidonge cha kwanza cha aina hii kiliruhusiwa huko Marekani mwaka 2006.

Sasa tuiache sukari kwa kitambo, tuitazame damu. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mfuko wa mpira unaofungwa mkononi ili kupima nguvu ya damu kwa zebaki, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akafundisha kusikiliza mshipa chini ya mfuko huo. Chombo hiki kilifika kwetu mapema. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi South Kavirondo, magharibi ya Kenya, alitangaza matokeo ya kuwapima Waafrika wapatao 1,000. Aliona kwamba kwa watu wale shinikizo halikupanda kwa kadiri ya umri kama lilivyopanda Ulaya. Baada ya miaka 40 lilielekea kushuka.

Je, ni damu yetu iliyokuwa tofauti, au ni maisha yetu? Jawabu lilipatikana katika nchi hiihii. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Haukupita mwezi baada ya kufika mjini kabla shinikizo la damu la wasafiri wale halijaonekana kuwa juu kuliko la wale waliobaki. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi waliyokula ilikuwa imezidi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1990. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wana shinikizo lililopanda. Yale ambayo Donnison hakuyaona katika hospitali yake, leo yamejaa katika kila zahanati. Na mabadiliko yaleyale ya chakula, uzito na mwendo huleta kisukari pia. Ndiyo maana mzee wetu wa Marikiti ana vifuko viwili, wala si kimoja.

Dawa za presha nazo zina historia ndefu, na sehemu yake moja ilipita katika bahari yetu. Majahazi yaliyotia nanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa kwa upepo wa kaskazi yalileta bidhaa za Bara Hindi, na elimu ya miti-dawa ilisafiri pamoja na watu. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika gazeti la madaktari wa moyo la Uingereza kwamba mzizi wa mti uitwao rauwolfia, uliotumiwa kwa karne nyingi na waganga wa Kihindi, huteremsha shinikizo la damu. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi waliitoa katika mzizi huo dawa ya reserpini, ambayo ilitumiwa duniani kote. Usidharau, basi, kitu kinachouzwa katika gunia. Lakini pia usikifanyie mchezo. Reserpini iliwafaa wengi, na wengine iliwatia huzuni nzito hata ikabidi waiache. Mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru.

Baada ya mzizi ilikuja zamu ya nyoka. Wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba figo hutoa kitu kiitwacho renini, na kwamba mwisho wa safari yake hupatikana angiotensini, ambayo huibana mishipa ya damu. Kati ya mwanzo na mwisho wa safari hiyo kuna mkasi mmoja, uitwao ACE, uliogunduliwa na Leonard Skeggs mwaka 1956. Mkasi huo unayo kazi nyingine: huikata bradikinini, ambayo huilegeza mishipa. Mwaka 1965 Mbrazili Sérgio Ferreira alionyesha kwamba sumu ya nyoka wa kwao, jararaca, huipa bradikinini nguvu zaidi. Alipokwenda kufanya kazi pamoja na John Vane huko Uingereza, ilionekana kwamba sumu hiyo huuzuia mkasi wa ACE. David Cushman na Miguel Ondetti wakatengeneza kidonge kwa mfano huo, nacho ni kaptoprili, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ndugu zake, kama enalaprili, hutolewa leo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Mjusi wa jangwani, basi, alitoa dawa ya sukari, na nyoka wa Brazil akatoa dawa ya presha. Sasa tutaona jinsi dawa hizo zilivyokutana katika mwili wa mtu mmoja.

Dalili ya kwanza kwamba ukuta haukuwapo ilionekana mapema. Mwaka 1958 ilianza kuuzwa klorothiazidi, dawa ya presha inayotoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Haukupita muda mrefu kabla madaktari hawajaona kwamba kwa watu wengine sukari hupanda wanapoitumia. Sababu moja ni kwamba hupunguza madini ya potasiamu, na kongosho likikosa potasiamu ya kutosha hutoa insulini kidogo. Kisha ikaja propranololi, iliyotokana na kazi ya James Black katika miaka ya 1960. Dawa hii huutuliza moyo. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno huonywa kwa kutetemeka na kwa moyo kwenda mbio, na propranololi huweza kuyanyamazisha maonyo hayo. Jasho peke yake hubaki kuwa shahidi. Dawa ya damu imeziba mdomo wa sukari.

Dawa nyingine zilionyesha upande wa heri. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 40 kwa watu 9,306 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufika kiwango cha kisukari. Waliopewa valsartani, dawa ya presha inayoizuia angiotensini isifanye kazi yake, walipata kisukari kwa upungufu wa asilimia 14 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Faida hiyo haikuwa kubwa, wala idadi ya waliopata maradhi ya moyo haikupungua kwa ajili yake. Lakini ilionyesha wazi kwamba mkono uliokwenda kuilegeza mishipa uliigusa na sukari.

Habari za utumbo ndizo za ajabu zaidi. Mwilini mna mkasi wa tatu, uitwao neprilisini. Huzikata homoni ambazo moyo huzitoa ili kupunguza maji na kulegeza mishipa, na katika kazi zake za pembeni humkata GLP-1 pia. Ilitengenezwa dawa ya sakubitrili ya kuuzuia mkasi huo, ikaunganishwa na valsartani, nayo hutumiwa hasa kwa watu wenye moyo dhaifu. Mwaka 2014 jaribio kubwa lilionyesha kwamba dawa hiyo iliokoa maisha zaidi ya enalaprili. Mwaka 2017 watafiti walirudi kuwatazama wagonjwa wa kisukari waliokuwa katika jaribio lile, wakakuta kwamba sukari yao ilikuwa imepungua zaidi, na waliohitaji kuanza sindano za insulini walikuwa pungufu kwa asilimia 29. Kati ya sababu zinazotajwa, mojawapo ni hiyo: mkasi ulipozuiwa kwa ajili ya moyo, mjumbe wa utumbo naye alipata nafasi ya kuishi zaidi.

Lakini mkasi ukizuiwa, si kila nguo iliyosalimika huwa ya heri. ACE na DPP-4, pamoja na kazi zao za kujulikana, hushirikiana kukata vitu vingine vinavyofungua mishipa na kuleta uvimbe. Mtu akimeza dawa ya kuuzuia mkasi mmoja, mkasi wa pili huweza kufidia. Akizuia yote miwili, vitu hivyo hukosa wa kuvikata. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wagonjwa waliotumia vildagliptini, dawa ya kisukari inayozuia DPP-4, walivimba midomo, ulimi au koo mara nyingi zaidi iwapo walikuwa wakitumia pia dawa ya presha ya jamii ya kaptoprili. Ajali hiyo ni ya nadra. Lakini imejulikana pia kwamba uvimbe unaoletwa na dawa za jamii hii ya presha huwapata watu wenye asili ya Kiafrika zaidi kuliko Wazungu, na uvimbe wa koo huweza kuziba pumzi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukuandikia habari hizi. Anayevimba ulimi baada ya kumeza dawa hangoji kesho, hukimbizwa hospitali saa ileile.

Huenda sasa unasema moyoni: ikiwa mambo ndivyo yalivyo, si afadhali mzee aache dawa moja? La, hasha. Mwaka 1998 yalitangazwa Uingereza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,148 waliokuwa na kisukari na presha pamoja. Wale ambao presha yao ilidhibitiwa kwa nguvu walipata kiharusi kwa upungufu wa asilimia 44, na vifo vilivyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32, wakilinganishwa na wale ambao presha yao haikudhibitiwa sana. Tofauti ya shinikizo kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo, lakini faida yake ilikuwa kubwa. Anayetupa kidonge kwa hofu ya jambo la nadra hujifungulia mlango wa jambo linalowapata wengi. Kazi ya kuchagua dawa gani ikae na dawa gani ni ya daktari. Na daktari hawezi kuifanya ikiwa ameonyeshwa kifuko kimoja na cha pili kimefichwa.

Hapo ndipo wewe, msomaji, unapohitajiwa. Wazee wetu wengi hutibiwa presha katika zahanati moja na sukari katika nyingine. Huona haya kutaja uwatu, habasoda au majani ya mwarobaini wanayoyachemsha usiku, kwa kuwa hudhani daktari atawacheka. Lakini uwatu nao huweza kupunguza sukari, kwa kuwa nyuzi zake hupunguza mwendo wa sukari kutoka utumboni kuingia katika damu. Na ukijumlishwa na vidonge, sukari huweza kushuka kuliko ilivyokusudiwa. Wewe unajua kusoma. Chukua karatasi, andika jina la kila kidonge, kiasi chake na saa yake, na chini yake andika kila mzizi na kila unga unaonunuliwa sokoni. Karatasi hiyo mpe mzee aende nayo kila mahali anapotibiwa. Ni kazi ya robo saa, lakini huweza kuwa ndiyo iliyomwokoa.

Ilichukua zaidi ya miaka 100, tangu mbwa wa London mwaka 1902, kwa wataalamu kuona jinsi utumbo, kongosho, figo, moyo na mishipa vinavyozungumza pamoja mchana na usiku. Ukipita tena Marikiti, mtazame mzee yule mwenye vifuko viwili na uwatu wake katika karatasi. Vifuko ni viwili, na pengine madaktari ni wawili. Lakini mwili unaovipokea ni mmoja, na vyote hukutana ndani yake.